Timbo, Jaa na Korongo: Uhakiki wa Msamiati wa Uchafuzi na Nafasi ya Wanyama wa Eastlands, Nairobi

1. Tatizo

Msomaji wa maandishi ya Kiswahili yanayohusu wanyama na madhara ya uchimbaji wa madini aghalabu hukutana na mandhari ya namna moja: mbuga, mto unaopita mbugani, na kundi la wanyama wanaokunywa maji yaliyotiwa sumu na mgodi ulio mbali. Mandhari hayo ni ya kweli na hayastahili kubezwa. Lakini yamerudiwa mno hata yamekuwa kama pambo la kudumu, na matokeo yake ni kwamba wanyama wanaoishi kando ya machimbo ya mjini, hasa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, hawamo katika maandishi hayo. Wapo, na huonekana kwa macho kila siku, ila hawatajwi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kutotajwa huko hakutokani na uhaba wa maneno katika Kiswahili. Kunatokana na namna maneno yaliyopo yanavyotumiwa, na namna wahakiki na walimu wa lugha walivyoyaacha yatumike hivyo bila kuyahoji. Maneno yatakayochunguzwa ni machache: timbo na jaa, mnyamapori, uchafuzi, mazingira, risasi, na chokoraa. Baada ya hayo itaangaliwa nafasi ya mnyama katika fasihi, kwa kuwa mazoea ya kusoma fasihi yamechangia sana mazoea ya kutomwona mnyama mwenyewe.

2. Timbo lililogeuka jaa

Timbo ni shimo ambamo mawe, udongo au madini huchimbwa. Neno hilo ni la zamani, na katika matumizi ya siku hizi limepitwa na machimbo. Upande wa mashariki wa Nairobi matimbo ni mengi, kwa sababu ardhi ya huko imelala juu ya majabali ya volkano, na mawe yaliyochongwa katika sehemu kama Njiru na Kayole yamejengea nyumba nyingi za mji. Jiwe likishakwisha, shimo hubaki. Na shimo lililo karibu na mji mkubwa halikawii kupata kazi nyingine.

Mwaka 1975 timbo kuukuu la Dandora lilianza kutumiwa kuwa jaa la mji. Ilikuwa katika muongo uo huo ambapo mtaa wenyewe wa Dandora ulianza kujengwa, kwa mpango wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato kidogo wapate makazi. Hivyo nyumba na jaa vilikua pamoja kama mapacha. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba jaa limejaa, lakini halikufungwa. Mwaka 2007 Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa, ambao makao yake makuu yako Gigiri katika mji uo huo wa Nairobi, ulitoa ripoti iliyokadiria kwamba tani 2,000 za taka zilikuwa zikimwagwa hapo kila siku. Katika uchunguzi huo watoto na vijana 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Udongo uliopimwa ulikutwa pia na metali nzito.

Hapa ndipo uhusiano wa jaa hili na uchimbaji wa madini unapodhihirika. Risasi, zebaki na kadimiamu hazikuota Dandora. Zilichimbwa kwingine, katika migodi ya nchi mbalimbali. Mgodi mmojawapo wa risasi unaojulikana sana ni ule wa Kabwe, Zambia, uliofanya kazi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mwaka 1994, na ambao hata baada ya kufungwa umeacha risasi katika ardhi ya mji huo. Metali za namna hii hutolewa katika ardhi, hufanywa betri, rangi, nyaya na vyombo vya umeme, hutumiwa, kisha hutupwa. Katika Dandora metali iliyotoka shimoni imerudi shimoni, na shimo lenyewe ni timbo. Kwa hiyo anayetaka kueleza madhara ya uchimbaji kwa wanyama wa Afrika Mashariki hana haki ya kuishia penye lango la mgodi. Jaa ni mwisho wa safari ile ile.

Wanyama waliopo hapo ni wa aina nyingi. Anayeonekana kwanza ni kongoti, yule ndege mkubwa mwenye kichwa cha upara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye wengi Nairobi humwita marabu. Yeye ni mla mizoga kwa maumbile, na jaa limekuwa kwake mzoga usiokwisha. Pamoja naye wapo mwewe, kunguru, yangeyange na panya. Kandokando ya jaa unapita Mto Nairobi, wenye vyura, wadudu wa majini na viumbe wengine waliosalia. Mbele zaidi, kuelekea Ruai, yapo mabwawa ya kusafishia maji machafu ya mji yajulikanayo kwa jina la Dandora, ambayo wataalamu wa ndege wameyaorodhesha miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Sehemu ambayo mwenyeji wa mji huipita akiwa ameziba pua ni makao ya viumbe wengi kuliko bustani nyingi za mjini.

3. Mnyamapori ni nani?

Neno linalotumiwa katika Kiswahili rasmi cha Kenya na Tanzania kwa viumbe wasiofugwa ni mnyamapori. Ni neno ambatani lililoundwa vizuri na lililoenea. Lakini lina vikwazo viwili ambavyo havijajadiliwa vya kutosha.

Kikwazo cha kwanza kimo katika sehemu ya pili ya neno. Pori ni mahali. Mnyamapori basi ni mnyama wa mahali fulani, na akiondoka mahali hapo, au mahali hapo pakijengwa nyumba, jina lake hulegea. Simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni mnyamapori bila shaka yoyote. Akivuka ua akaingia mtaani huitwa mnyamapori aliyepotea, na askari wa wanyamapori huja kumrudisha. Kongoti aliyezaliwa juu ya mti wa barabarani na kulelewa kwa chakula cha Dandora hakupotea kutoka popote. Hana pori la kurudishwa. Kwa hiyo lugha humwacha bila kundi.

Kikwazo cha pili kimo katika sehemu ya kwanza. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mnyama, ndege, samaki na mdudu ni makundi mbalimbali. Mtoto akiulizwa kama kunguru ni mnyama, atajibu kwamba ni ndege, na atakuwa amejibu Kiswahili sahihi. Maana pana ya mnyama, inayojumuisha viumbe wote hao, ni ya vitabu vya elimu ya viumbe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inatumia maana pana zaidi ya hiyo: inahesabu mnyama wa mwitu, mmea na hata kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, wa nchi kavu na wa majini. Kwa mujibu wa sheria hiyo kongoti yumo na chura yumo. Lakini mwananchi anayesomewa sheria hiyo kwa jina la wanyamapori huwaza ndovu, simba na twiga. Neno la Kiswahili limepunguza kile ambacho sheria ilikipanua, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Matokeo ya vikwazo hivi viwili si ya kinadharia tu. Katika mitaa iliyo karibu na jaa wapo pia nguruwe, mbuzi na ng'ombe wanaolishwa takataka. Hao ni mifugo. Wakifa, mwenyewe hupata hasara na hulalamika, na mkaguzi wa nyama ana neno la kusema. Wanyama wa mbugani nao wana dola ya kuwasemea. Kati ya mfugo mwenye bwana na mnyamapori mwenye serikali, yupo kiumbe wa tatu asiye na msemaji. Huyo ndiye mnyama wa Eastlands.

Upungufu huu unaonekana wazi zaidi mtu akiufuata mto. Maji ya Mto Nairobi yanayopita kando ya jaa huingia Mto Athi, ambao mbele hujulikana kwa jina la Galana na kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Njiani mto huo hupita katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa mwaka 1948. Maji yale yale yasiyo na mnyamapori yanapopita Dandora hupata wanyamapori yafikapo Tsavo. Viumbe walikuwapo kotekote. Kilichobadilika njiani ni jina.

4. Uchafu usioonekana

Uchafuzi umetokana na kitenzi chafua, na mzizi wake ni -chafu. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kitu kimechafuka huwaza mambo mawili: kwamba uchafu huo unaonekana au kunuka, na kwamba unaweza kuoshwa. Nguo chafu hufuliwa na chombo kichafu hukoshwa. Ndiyo maana kampeni nyingi za kuokoa Mto Nairobi zimekuwa kampeni za usafi: watu hukusanyika, hufagia kingo, huopoa mifuko na matairi, hupanda miti, na mto ukionekana mweupe kidogo kazi husifiwa. Kazi hiyo ni njema. Lakini risasi iliyotuama ndani ya tope haionekani wala hainuki, na ufagio hauiondoi.

Kiswahili kina neno linalofaa kwa kitu cha namna hiyo, nalo ni sumu. Sumu haihitaji kuonekana. Huingia kwa kinywa au kwa pumzi, hukaa mwilini, na madhara yake hudhihirika baadaye. Hivyo ndivyo risasi ifanyavyo. Mwili wa mnyama huipokea kama kwamba ni kalsiamu, huiweka katika mifupa, na humo hukaa muda mrefu ikitoka kidogokidogo kurudi katika damu. Mnyama mchanga, ambaye mifupa yake bado inajengeka, ndiye anayeathirika zaidi, awe kinda la ndege au mtoto wa binadamu. Zebaki, kwa upande wake, hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe: mdudu wa topeni huliwa na samaki, samaki huliwa na ndege, na kila hatua kiasi chake huongezeka. Ndege mkubwa aliye mwisho wa mlolongo hubeba mzigo wa wote waliomtangulia. Kuita jambo hili uchafuzi ni kulipunguza. Tofauti kati ya kusema mto umechafuliwa na kusema mto umetiwa sumu ni tofauti ya shauri: la kwanza humwita mfagiaji, la pili humwita mkosaji.

Neno risasi nalo lina mkanganyiko wake. Ni jina la metali na ni jina la kitu kinachotoka katika mdomo wa bunduki. Katika habari za wanyama maana ya pili ndiyo inayosikika kwanza, kwa kuwa jangili na bunduki yake wamekaa katika fikra za watu kwa miaka mingi. Ripoti inayosema kwamba ndege amekutwa na risasi mwilini itaeleweka na wasomaji wengi kuwa ndege amepigwa. Mwandishi wa Kiswahili hana budi kulieleza neno hilo kila mara kwa kusema metali ya risasi, au sumu ya risasi. Hata hivyo mkanganyiko huo una funzo: risasi ya jangili huua mnyama mmoja kwa kishindo na mwenye kosa hutafutwa, risasi ya jaa huua polepole bila kishindo na hakuna anayeulizwa.

Mazingira ni neno la tatu. Limetokana na zingira, yaani kuzunguka pande zote. Kinachozungukwa, kwa kawaida ya matumizi, ni binadamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni kubwa na imepatikana kwa jasho. Lakini ndani ya neno lenyewe mnyama si mzungukwa. Ni sehemu ya kile kinachozunguka, kama mti na jiwe. Haiwezekani, kwa matumizi ya sasa, kusema mazingira ya kongoti bila msikilizaji kushangaa kidogo. Mshangao huo unafaa kuanzishwa makusudi katika madarasa. Jaa ni mazingira ya kongoti kama vile nyumba ya mawe ilivyo mazingira ya mpangaji, na kila mmoja wao ni sehemu ya mazingira ya mwenzake.

5. Chokoraa na korongo

Lugha ya mitaani ya Eastlands, ambamo Sheng ilikulia, imeonyesha kwa ukweli zaidi kuliko lugha rasmi jinsi dharau inavyogawiwa. Neno chokoraa, litumiwalo kwa mtoto anayeishi kwa kuokota mabaki, linahusishwa na kitenzi chokora, yaani kupekua kwa kijiti au kwa ncha. Kitendo hicho ndicho afanyacho kongoti kwa mdomo wake mrefu juu ya lundo lile lile, aghalabu hatua chache tu kutoka kwa mtu aliyeshika chuma chenye ncha. Mtu na ndege wanafanya kazi moja mahali pamoja, na jina la kazi hiyo limekuwa tusi.

Haitoshi kulaani tusi hilo. Mhakiki anapaswa kuona kwamba dharau kwa ndege na dharau kwa mtoto zina mzizi mmoja, nao ni fikra kwamba mwenye kuishi kwa taka ni taka. Fikra hiyo ikikubaliwa, sumu iliyomo jaani haiwi tena jambo la haki, kwa sababu wanaoipata wamekwisha kuhesabiwa pamoja na vilivyotupwa. Ndiyo maana jaa lililotangazwa kujaa mwaka 2001 liliweza kuendelea kupokea malori: mahali palikuwa pamejaa, lakini waliokuwapo hawakuhesabiwa kuwa wamejaa mahali.

Jambo jingine dogo linafaa kutajwa. Katika Kiswahili neno korongo lina maana mbili: ni ndege mrefu wa miguu mirefu, wa jamii aliyomo kongoti, na ni bonde jembamba lililochimbwa na maji. Haifai kudai, bila ushahidi, kwamba maana hizo zina asili moja. Lakini Mukuru, jina la vitongoji kadhaa vya mashariki ya Nairobi, ni neno la Kigikuyu lenye maana ya bonde. Na Nairobi yenyewe ni jina la Kimaasai linalohusu maji baridi. Wenyeji wa kwanza waliitaja nchi hii kwa maji na mabonde yake. Aliyekuja baadaye ameitaja kwa mitaa. Majina ya mitaa kama Bahati, Maringo, Umoja na Starehe yanasifu matumaini ya watu, na hayana lawama. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linalokumbuka kwamba palikuwa na mto wenye viumbe.

6. Mnyama katika fasihi

Wahakiki wa Kiswahili wamefundisha vizazi vya wanafunzi kuuliza swali moja kila wanapokutana na mnyama: anawakilisha nani? Sungura ni mnyonge mwerevu, fisi ni mlafi, simba ni mtawala. Tangu Fortunatus Kawegere alipotoa tafsiri yake, Shamba la Wanyama, mwaka 1967, swali hilo lilizidi kupata nguvu, kwa kuwa riwaya hiyo haiwezi kusomwa bila kulijibu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, Adili analazimika kuwapiga manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Huruma ya msomaji huongezeka anapojua kwamba ndani ya manyani wamo watu.

Usomaji huo si wa makosa. Kazi hizo zenyewe zinaudai. Kosa ni kuufanya kuwa usomaji wa pekee. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza mnyama anawakilisha nani atamwona kongoti juu ya lundo la Dandora na kumfanya mara moja ishara ya uchoyo wa viongozi au ufukara wa mji. Washairi na waandishi wa hadithi watafanya vivyo hivyo. Ndege atakuwa ametumiwa mara mbili: jaa limemlisha sumu, na fasihi imemnyang'anya mwili unaoipokea sumu hiyo.

Methali zinaonyesha njia nyingine. Aliyesema fuata nyuki ule asali alikuwa amemfuata nyuki kwa miguu. Aliyesema samaki mmoja akioza, wote wameoza, alikuwa amebeba tenga la samaki na kulinusa. Maana ya pili ya methali, ile inayohusu watu, imesimama juu ya maana ya kwanza, na maana ya kwanza ni elimu ya viumbe iliyopatikana kwa kuangalia kwa makini. Mtoto wa Dandora anayejifunza methali hizo shuleni huenda anafahamu samaki wa dukani tu, kwa maana mto upitao karibu na kwao haumwonyeshi samaki wa kumchunguza. Methali kwake ni maneno ya kukariri. Kwa hiyo sumu inayoua viumbe vya mto huua pia msingi wa sehemu kubwa ya fasihi simulizi, na walimu wa lugha wana sababu yao wenyewe ya kulalamika, mbali na ile ya daktari na ya mwanasheria.

7. Hoja ya kupinga

Wapo watakaosema kwamba mahali ambapo watoto wana risasi katika damu, kuzungumza juu ya ndege ni anasa. Hoja hii ina uzito na haipaswi kujibiwa kwa haraka. Jibu lake ni kwamba sumu haikuwatenganisha. Mtoto na kinda wanavuta moshi mmoja wa jaa linaloungua, na vumbi linaloingia kinywani mwa mmoja huingia kinywani mwa mwingine. Mnyama haombi nafasi ya mtoto. Anatoa ushahidi ambao mara nyingi huwahi kuliko wa hospitali, kwa kuwa maisha yake ni mafupi na chakula chake chote hutoka mahali pamoja. Jamii isiyo na jina la ndege wake haiwezi kugundua kwamba ndege hao wamepungua.

Inafaa kulinganisha na kisa cha Ziwa Natron, Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Ulipotolewa mpango wa kujenga hapo kiwanda kikubwa cha magadi katika miaka ya 2000, wahifadhi wa nchi nyingi walipaza sauti, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa. Heroe walipata watetezi kwa sababu nyingi za haki, ikiwamo kwamba mazalio yao ni machache mno. Lakini hakuna haja ya kuficha kwamba uzuri wao ulisaidia: wana rangi ya waridi, wako kwa maelfu, na ziwa lao huvutia wapiga picha. Kongoti ana upara, ananuka, na wala hayumo hatarini kutoweka. Kiumbe akilindwa kwa sababu ya kupendeza au kwa sababu ya uchache tu, wote waliobaki huachwa kwa jaa. Na mitaa inayokaliwa na watu wengi wasiotazamwa inafahamu vizuri maana ya kuachwa kwa sababu hizo.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu mfupi unaelekea kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, walimu na waandishi watofautishe uchafu na sumu. Pale penye metali nzito, neno sumu litumike bila haya, pamoja na jina la metali yenyewe. Pili, mahali pa mnyamapori, pale ambapo pori halipo, pafikiriwe kutumia kiumbe asiyefugwa. Maneno hayo mawili ni ya kawaida, yanaeleweka na kila mtu, yanajumuisha ndege, samaki na chura, na hayamfungi kiumbe katika mahali. Tatu, idara za lugha zikusanye majina ya viumbe yanayotumiwa na wakazi wa Dandora, Kariobangi, Korogocho, Kayole na Njiru, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha nyingine za wenyeji. Majina ya viumbe wa pwani yamekusanywa kwa muda mrefu. Ya viumbe wa Eastlands bado yamo vinywani tu, na kinywa kisichoulizwa husahau.

Haya hayataondoa hata tani moja ya taka. Kazi ya kufunga jaa ni ya serikali, na kazi ya kusafisha tope la mto ni ya wataalamu wa kemia. Lakini serikali hushitakiwa kwa maneno, na mtaalamu hutumwa kwa maneno, na katika Eastlands maneno hayo ni ya Kiswahili. Maadamu Kiswahili kinaendelea kusema kwamba penye jaa pana uchafu na kwamba wanyama wako kwingine, hakuna atakayetumwa kumpima ndege aliyesimama pale. Lugha inayo timbo, inayo jaa, inayo sumu, na inayo korongo. Kilichobaki ni kuyaweka maneno hayo manne katika sentensi moja, kwa kuwa vitu vyenyewe viko pamoja Dandora tangu mwaka 1975.